Kiraka Chenye Miguu

Nusu ya juu: Paani, karibu na mgongo wa nyumba.
Nusu ya chini: Sebuleni, juu kidogo ya meza ya chakula.

Kwa Mheshimiwa Mwenye Nyumba,
Barazani kwako, kwenye kiti cheupe cha plastiki.

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUTOLEWA KATIKA PAA LAKO

Pokea salamu zangu nyingi, za juu na za chini. Kwa kawaida mwandishi wa barua huanza kwa kutumaini kwamba barua yake itamkuta mwenzake mzima wa afya. Mimi sina haja ya kutumaini, kwa maana nakuona. Umevaa fulana ya mistari, umekunja mguu mmoja juu ya kiti, unamenya karanga, na maganda unawatupia kuku ambao hawayataki. Kisogo chako kimeota nywele mpaka zinagusa shingo ya fulana. Hilo linaniuma kikazi, kwa sababu mimi ndiye kinyozi wako, lakini halimo katika malalamiko ya leo.

Ili kumbukumbu zikae sawa, naomba nikueleze jambo hili lilivyoanza, ingawa simu zote ulipokea mwenyewe.

Nyumba yako inavuja. Ilianza kwa tone moja juu ya meza ya chakula, tone la adabu, ambalo halikuja ila mvua ikiwa kubwa. Tukakupigia simu. Ukasema, "Zibeni kwa muda, niko njiani." Tukaziba kwa mfuko wa plastiki na jiwe. Upepo ukachukua mfuko, jiwe likabaki, na lile tone likaleta wenzake. Tukakupigia tena. Ukasema, "Zibeni kwa muda, niko njiani." Nikapanda na kipande cha sabuni ya mche, kama nilivyowahi kuona watu wakiziba pipa lililotoboka. Mheshimiwa, sabuni huziba vizuri sana mahali pasipo na maji. Mvua ilipokuja sebule ilijaa povu, mke wangu akafua mapazia hapo hapo, na mimi nikateleza nikiwa na sufuria ya uji mkononi. Baada ya sabuni likaja gunia lililopakwa lami. Baada ya gunia likaja debe lililopasuliwa, na juu ya debe tukaweka tairi bovu ili lisipeperuke. Kila kimoja kiliwekwa kwa muda. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nimeziba mpaka wahenga wenyewe wangenionea huruma.

Kisha ikaja ile mvua kubwa. Tairi likabingirika likaanguka uani, debe likalifuata, na maji yakaingia sebuleni kama bomba lililofunguliwa. Nikachukua ngazi, nyundo na kifuniko cha sufuria, nikapanda. Sikuwa na nia mbaya. Nikakanyaga bati ambalo kutu ilikuwa imeshalimaliza, nalo likanikaribisha mpaka kiunoni. Hapo yakatokea mambo mawili kwa pamoja. Mimi nikapiga kelele za kuomba msaada. Chini wakapiga vigelegele, maana maji yalikuwa yamekata.

Mke wangu akakupigia simu kwa furaha. Najua mlivyozungumza kwa sababu aliweka spika. Ulimwuliza tundu limezibwa kwa kitu gani. Akasema, "Kwa mume wangu." Ukamenya karanga moja, kisha ukasema, "Basi asitikisike. Ni kwa muda tu. Niko njiani."

Tangu siku hiyo nimo humu, nimekwama, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu njia.

Nilipokuwa chini kama watu wengine, niliamini kwamba uko njiani. Nilikuhurumia hata. Nilimwambia mke wangu, pengine njia ina matope, mzee wa watu asije akavunjika nyonga kwa ajili yetu. Sasa nipo juu na njia yote naiona, mwanzo mpaka mwisho. Inaanzia kwenye kizingiti cha baraza yako, inapita kwa fundi baiskeli, inakata kona kwenye bomba la maji, inafika mlangoni kwangu. Mbuzi wa jirani yako huipita asubuhi na jioni bila kumpigia mtu simu.

Nawe kila ninapokupigia nakuona unavyoitazama simu, unavyotema ganda, unavyoniambia "niko njiani" huku unajikuna goti. Juzi uliniambia umekwama kwenye foleni. Nilikuona, Mheshimiwa. Foleni yenyewe ilikuwa ya kuku. Wapangaji wenzangu wamekupa jina, samahani sana, wanakuita Mzee Niko Njiani. Mimi silitumii jina hilo, ila sijamkataza mtu.

2. Kuhusu miguu yangu.

Miguu yangu inaishi maisha ambayo sikuichagulia. Imetokeza kwenye dari ya sebule, na kwa kuwa haisemi, watu wameizoea upesi. Mke wangu hutundika mkoba wake kwenye mguu wa kushoto na kitambaa cha kufutia vyombo kwenye mguu wa kulia. Anapopangusa vumbi kwenye picha za ukutani hunipangusa na mimi, kuanzia goti kwenda chini, wala hasimamishi mazungumzo yake. Jirani mmoja aliyeingia kuazima pasi alinigonga ugoko mara mbili kama mtu anayebisha hodi, akamwuliza mke wangu kitu kile alikinunua wapi.

Chakula kinaliwa chini ya nyayo zangu. Nimelelewa vizuri, Mheshimiwa, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kupata raha huku nyayo zake ziko juu ya sahani za watu. Isitoshe, mambo ya nyumba yanajadiliwa hapo mezani, na mimi nayasikia yote. Tulikubaliana kwamba nikitaka kupinga jambo nitikise mguu. Nimetikisa mpaka nyonga imelegea. Kila nikitikisa, mke wangu hutazama juu akasema, "Haya, baba amekubali." Kwa njia hiyo nimekubali kununuliwa kwa kabati jipya, kuhamishwa kwa kiti changu kwenda jikoni, na kuja kwa shangazi yake.

Nikilalamika kwa sauti kutoka huku nje, hunijibu kwa methali. Aliye juu mngoje chini, husema. Basi wananingoja. Miguu imeshafika, mimi bado.

3. Kuhusu kola.

Hapa nakiri nina fahari, lakini fahari hiyo imeniponza.

Hapo mwanzo maji yalikuwa yakipenya kidogo kati ya kiuno changu na bati. Yule fundi bati uliyemtuma, ambaye alikuja mara moja tu, alizunguka tundu, akanibonyeza mbavu, akasema, "Huyu akitolewa leo, maji yanaingia leo. Mwacheni mpaka bati jipya lije." Akashuka, akaenda zake. Ndipo binti yangu, ambaye kama unavyojua ni mshonaji wa nguo, alipopanda na futi yake shingoni akanipima. Alichukua tyubu ya baiskeli na turubai, akanishonea kola ya kiunoni. Juu inabana mwili, chini imepanuka kama sketi, na upindo wa nyuma ameuingiza chini ya bati la juu ili maji yatelemke juu ya turubai badala ya kuingia ndani. Tangu siku hiyo halijaingia tone. Fundi bati akisikia habari hizi huangalia pembeni.

Tatizo ni kwamba mke wangu alikusifia kola hiyo kwenye simu, nawe ukasema, "Kumbe! Basi hiyo si ya muda tena, hiyo ni ya kudumu." Mheshimiwa, hapo nilishtuka. Ina maana tungefanya kazi mbovu ungekuja? Mtu anaadhibiwa kwa sababu binti yake anajua kushona?

Mambo mengine ya kibinadamu, kama vile kuoga na kwenda msalani, yamewekewa utaratibu ambao heshima hainiruhusu kuueleza kwa mtu wa umri wako.

4. Kuhusu kazi yangu.

Kibanda changu cha kunyolea kimefungwa, kwa sababu kinyozi hawezi kukifikia. Lakini mikono yangu iko huru, na wateja wangu ni watu waaminifu, kwa hiyo wamekuwa wakinifuata. Wanapanda ngazi, wanakaa mbele yangu juu ya bati, nawafunga kitambaa, nawanyoa. Wanasema hewa ni nzuri. Wengine wameanza kuja na jamaa zao kutazama mandhari.

Matokeo yake ni kwamba bati lako linabonyea chini ya makalio ya wateja wangu na matundu mapya yanazaliwa. Sasa chumba cha kulala kinavuja, na ninavyotazama, jiko litafuata. Kwa hiyo naomba uangalie hesabu hii kwa makini: mimi naziba tundu moja, lakini ili niishi nikiwa nimeliziba, lazima nitoboe mengine. Nimejaribu kuinama kushoto wakati wa mvua ili bega langu lifunike la pili. La tatu liko mbali, na mkono wangu una mwisho wake. Nywele nazo zinaingia kwenye mfereji wa paa, zikajikusanya, na jana mfereji ulifurika, ukammwagia mteja aliyekuwa akisubiri zamu kwenye ngazi. Huyo hajarudi.

5. Kuhusu hadhi yangu.

Mkataba wetu unasema mpangaji haruhusiwi kuongeza kitu chochote kwenye paa bila idhini ya maandishi. Nilidhani kipengele hicho kinahusu antena. Wiki iliyopita ulinitumia ujumbe wa kunikumbusha kipengele hicho na kuniuliza nani aliniruhusu.

Naomba tuelewane. Ama mimi ni mpangaji, ama mimi ni sehemu ya paa. Kama ni mpangaji, niliahidiwa kukaa ndani ya nyumba, nami nusu yangu iko nje tangu hapo. Na kama ni sehemu ya paa, basi mimi ni mali yako. Bati halipangi nyumba. Bati halinunuliwi chakula na mke wake. Bati likichubuka, mwenye nyumba hulipaka rangi, na mimi pua imechubuka kwa jua na hakuna aliyeniletea hata mafuta. Ukinichukulia kama paa, nitunze kama paa. Ingawa sasa naona sentensi hiyo ilivyokaa, na kwa kuwa najua unavyotunza paa, naomba niifute.

6. Kuhusu mwalimu wa nyumba ya nyuma.

Nimesikia kutoka kwa mwalimu mwenyewe, ambaye nilimnyoa juzi, kwamba alipokulalamikia jiko lake linavuja ulimjibu, "Mbona kinyozi ameweza?" Ukamwambia ana bahati kuwa na mwili mwembamba, ataingia bila kuharibu bati. Kisha ukafikiri zaidi, ukamshauri ale vizuri kidogo, asije akapitiliza.

Mheshimiwa, mwalimu ni mtu wa kutii. Alikuja kuniuliza mguu upi unatangulia. Nilimwambia asifanye haraka. Lakini nalala nikiwaza kwamba mvua zijazo, nikitazama mtaa huu kutoka hapa, nitaona vichwa vya wapangaji wako vimechomoza kwenye kila paa kama uyoga, tunasalimiana nyumba hadi nyumba, na wewe barazani unatupungia mkono, uko njiani.

7. Kuhusu wageni.

Sasa nafika kwenye lalamiko lililonifanya nichukue kalamu.

Binti yangu ni mtoto wetu wa pekee, naye amepata mchumba, kijana mmoja fundi wa friji. Ni kijana mwenye adabu. Siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha aliingia sebuleni, akatafuta uso wa kuamkia, akaona miguu. Hakubabaika. Akakishika kidole gumba changu kwa mikono miwili, akainama, akasema, "Shikamoo, baba." Nikajibu marahaba kwa sauti kubwa, lakini sauti yangu ilitokea nje, na mteja niliyekuwa namnyoa akaniuliza mbona namwitikia na yeye hajaniamkia. Kijana akabaki amesimama na kidole mkononi. Nikatikisa vidole vingine, ndipo akaridhika. Uso wake sijauona mpaka leo, kwa sababu anaogopa ngazi. Naujua mkono wake tu. Una ubaridi kidogo, nadhani ni wa kazi.

Wazee wake wanataka kuja rasmi tuzungumze. Mke wangu amesema hapokei wageni wa binti wakati baba wa binti yuko nusu. Wazee nao wamesema, kwa heshima zote, kwamba hawawezi kuzungumza na miguu. Palitolewa pendekezo kwamba nigeuzwe kwa siku hiyo moja tu, kichwa kiwe ndani na miguu iwe nje. Tulilijadili kwa uzito unaostahili. Lilikwama kwa sababu tai ingeniangukia usoni. Pakatolewa pendekezo jingine kwamba wageni wote wapande paani. Hilo lilikwama kwa sababu ya lalamiko namba nne.

Na kijana ameshapata kazi katika mji wa mbali, kwenye ghala la kugandisha nyama. Akioa ataondoka na mkewe. Kazi inamngoja. Yeye anawangoja wazee wake, wazee wananingoja mimi, mimi nalingoja bati, bati linakungoja wewe, na wewe sijui unangoja nini, labda karanga ziishe. Utaratibu mzima wa maisha ya mtoto wangu umesimama juu ya bati moja, Mheshimiwa, na bati lenyewe halipo.

8. Kuhusu binti mwenyewe.

Hili sikutaka kuliandika, lakini namba saba si namba nzuri ya kuishia.

Kila siku akitoka kazini, binti yangu analazimika kupanda ngazi kuniletea uji. Ngazi hiyo ni mbovu, kipandio cha tatu kutoka juu kinacheza, na ni wajibu wako kama mwenye nyumba kufahamu hilo. Akifika hashuki upesi. Anakaa mbele yangu pale wanapokaa wateja, ananigeuzia kisogo kama wao, na anazungumza.

Kule chini mazungumzo yetu yalikuwa yale yale: shikamoo, marahaba, chakula tayari, haya. Si kwamba nilikuwa mkali. Kinyozi anasikiliza vichwa vya watu kutwa nzima, na akirudi nyumbani masikio yake yameshafunga duka. Siri za vichwa vyote vya mtaa huu ninazo, chako kikiwemo. Kichwa cha binti yangu nilikuwa sijui kina nini.

Sasa najua, na hiyo ni sehemu ya usumbufu ninaoulalamikia. Najua kwamba hupiga mluzi anapotunga uzi kwenye sindano na hajitambui. Najua kwamba alipokuwa mdogo, radi ikipiga, alidhani ni watu wa juu wanavuta makochi, na nyumba yetu haina watu wa juu. Najua kwamba huo mji wa mbali unamtisha kidogo, ila hajamwambia mchumba wake, kwa sababu mchumba naye mji huo unamtisha, na mmoja wao lazima ajifanye jasiri. Najua kwamba kuna mteja wake anayeleta gauni la kijani kila baada ya muda lipanuliwe, na kila mara humwambia kwamba ni gauni ndilo linalopungua. Binti yangu huniigizia mama huyo anavyoshusha pumzi mbele ya kioo, na mimi nacheka mpaka kola inalia. Nikicheka sana vumbi la dari humwangukia mke wangu.

Juzi alikuwa amekishika kikombe cha uji, akikizungusha mkononi. Kisha akasema, "Baba, huku juu unasikia." Nikamwambia nasikia.

Basi hilo nalo ni lalamiko. Ngazi ni mbovu.

Mheshimiwa, kwa kuzingatia hayo yote, naomba kwa unyenyekevu ufanye haya. Kwanza, ulete bati jipya, moja tu, la urefu wa kawaida. Pili, uje na fundi bati, na umwambie asinibonyeze tena mbavu. Tatu, uje wewe mwenyewe, kwa miguu yako, uone nyumba uliyoipaka mlango rangi nzuri mwaka juzi. Nyumba njema si mlango, na sisi ndani tumeshaona. Najua utanijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Sisi baraka tunazo nyingi, Mheshimiwa. Zinatuingilia kupitia darini.

Usipofanya hivyo nitalazimika kuchukua hatua. Nitaanza kukohoa kwa makusudi wakati wa mvua, na kila kikohozi kitafungua tundu kwa kiasi fulani. Na kisogo chako hakitanyolewa na mtu mwingine mtaa huu, kwa sababu vinyozi wenzangu wote hupanda huku kunisalimia, na tumeshazungumza. Lakini ukifanya ninayokuomba, siku nitakayoshuka wewe ndiye utakuwa kichwa changu cha kwanza, nami nitakunyoa kama bwana harusi.

Msalimie mama hapo nyumbani, namwona anaanika mashuka, mwambie lile la maua limeanguka kwenye vumbi. Wasalimie wajukuu, wasalimie kuku, na mbuzi wa jirani mpe pole ya safari. Mke wangu anakusalimu. Mwalimu anakusalimu na anauliza ale nini. Miguu yangu inakusalimu kwa niaba ya sebule nzima.

Ni mimi, wako katika kuvuja na kutovuja,

Kinyozi,
Mpangaji (kiunoni kwenda chini),
Kiraka (kiunoni kwenda juu).

Nyongeza: Mheshimiwa, nilikuwa nalamba bahasha nikakuona umesimama. Nilidhani unakwenda ndani. Badala yake umevaa viatu. Umevaa kofia. Sasa naona fundi bati ametokea kwenye kona na bati jipya kichwani, linang'aa mpaka linaniumiza macho, na wewe umemfuata nyuma. Mmempita fundi baiskeli. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, uko njiani kweli.

Nimefungua tena bahasha ili nikueleze jambo moja kuhusu ile kola. Ina vifungo. Viko upande wa ndani, mkono wangu unavifikia, na ndivyo ule utaratibu nisioueleza unavyofanyika, mke wangu akiwa sokoni. Huwa nashuka, naoga, nakaa kidogo kwenye kiti changu kule jikoni, halafu napanda kurudi kabla hajaja. Mwili unapita vizuri. Siku binti yangu alipomaliza kushona vifungo hivyo alivijaribu kimoja kimoja, akaniambia, "Baba, ukichoka, fungua."

Sijachoka.

Bati hilo likipigwa msumari leo, wageni watakuja, na wakishakuja ataondoka. Najua ataondoka tu. Siku hiyo nitafunga tai, nitakaa kwenye kiti kama baba mzima, nami nitauona uso wa yule kijana na kumpa mkono. Lakini mama wa gauni la kijani alikuja tena leo asubuhi, binti aliniambia kwa simu, akasema, "Subiri nikija nikusimulie." Na mvua hizi bado hazijaisha.

Nimemwita mke wangu achukue barua akimbie nayo. Anadhani ni malalamiko. Atakukuta karibu na bomba la maji. Ukishaisoma, nakuomba sana, kaa hapo hapo njiani.